Kuchoka Si Ruhusa

Ukimwuliza hali, hakusema salama wala njema. Alisema, "Nimechoka, Mama Shabani." Miaka yote niliyokaa jirani naye, masika hata kiangazi, jibu lilikuwa hilo. Mwanzoni nilimpa pole. Baadaye nikazoea, nikawa namwambia, "Basi kapumzike." Naye ananijibu huku ameshashika ufagio, "Kuchoka si ruhusa." Kisha anainama, anafagia.

Sisi tulimwita Mwinjilisti. Jina alikuwa nalo, ila kijiji kizima, kuanzia shehe mpaka watoto wa chuo cha Kurani, tulimjua kwa kazi yake. Kwao wapi na baba yake nani sikuuliza. Alikuwa mtu wa bara, ikatosha. Wali alikula kwa adabu, lakini kwake chakula kilikuwa ugali, na samaki wa mtoni akiwekewa mezani alimtazama kama mtu aliyeletewa kesi. Mwisho wake alizeekea hapa, akawa anasema "mie" na "nshakwambia" kama sisi, na bado samaki hakumzoea.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Lindi, karibu na Nyamwage, na kanisa lake limepakana na uwanja wangu. Ni chumba kimoja cha matofali na bati, mlango wa buluu, ngazi moja ya saruji, na nje mkorosho ulioning'inizwa rimu ya lori, ndiyo kengele. Walilijenga enzi za ujenzi wa daraja la mto pale Ndundu. Wakati ule walikuja watu wa kila kabila, mafundi vyuma, madereva, wapishi, na Jumapili nyimbo zao tulizisikia tukiwa mashambani. Daraja likaisha, kivuko kikaachwa kipate kutu, mafundi wakafungasha. Kanisa likabaki na Mwinjilisti, mkewe, na watu wachache wa kupita: mwalimu anayengoja uhamisho, muuza mitumba, bwana mmoja wa simu aliyekuja kufunga mnara akaoa huku. Mchungaji aliyemleta alimwambia akae alinde mahali, ataletewa mtu wa kumpokea. Mchungaji mwenyewe akahamishwa, akastaafu, akafa. Mtu hakuletwa.

Akimtaja Yesu mbele yetu hakutumia majina makubwa. Alisema "Mwenyewe". Mwenyewe hajaja. Mwenyewe akija atauliza. Alisema hivyo kwa kawaida kabisa, kama mlinzi wa shamba la korosho anavyomsema tajiri wake aliyeko Dar. Na kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja, aliniambia mara nyingi: Mwenyewe arudi ghafla, akute majani yameota mlangoni, aulize kama hapa palikuwa na mtu. Maradhi hakuyaogopa, na ufukara walikuwa wamezoeana. Majani mlangoni ndiyo yaliyomnyima raha.

Ndiyo maana alifagia. Kila asubuhi, kabla hata kuku hawajashuka, nilikuwa nikisikia fagio lake la chelewa likikwaruza mchanga, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye mkorosho, kutoka mkorosho mpaka mpakani kwangu. Nilichukia sauti ile zamani, ilinikatia usingizi. Siku hizi naamka mapema mwenyewe nasikiliza, na hakuna kitu.

Mtu asiyemjua angedhani alikuwa mvumilivu. La. Sijaona mtu mwenye haraka kama yeye. Chai ikikawia kuchemka aliinywa vuguvugu, majani yanaelea, akisema inatosha. Basi la kwenda Ikwiriri likikawia alianza kutembea, na likimkuta njiani hakulipungia mkono, kwa hasira, akaliacha lipite akaenda na mguu. Mkewe alikuwa akipika maharage amejificha, asimwone anavyofunua sufuria kila saa. Siku moja nikamwuliza, "Huyo Mwenyewe wako utamngojaje, nawe chai tu hungoji?"

Akafikiri, maana maswali ya kumtania aliyajibu kama maswali ya kweli. "Chai najua inachemka baada ya muda gani," akasema. "Ikipita muda wake imekawia, naudhika. Yeye hakutaja saa. Sasa namwudhikia vipi?"

Shehe wetu, binamu wa marehemu mume wangu, naye alipenda kumchokoza. Sisi pia tunajua kuwa Nabii Isa atarudi, hilo halina ubishi. Basi shehe akitoka sala ya alasiri alipitia pale mkoroshoni akiegemea mkongojo, na kuanza.

"Mwinjilisti, unajisumbua. Nabii Isa atashukia Sham, huko kwa Waarabu, kwenye mnara. Nyamwage atafuata nini?"

"Kwani Nyamwage haijui? Si aliiumba mwenyewe?"

"Hapo sasa ndipo tunapoachana njia," shehe anasema. "Hebu nipe huo ugoro."

Ugoro, ndiyo. Mwinjilisti aliyewakataza mafundi wa daraja sigara alikuwa na kikopo cha ugoro kwenye mfuko wa shati, akidai ni dawa ya mafua. Mafua hayo hayakupona miaka yote. Mkewe alijua, shehe alijua, nadhani na Mwenyewe alijua.

Kuhubiri hakujua sana, niseme kweli. Sauti yake ilikuwa ndogo, na akisimama mbele ya watu alitazama mlango, si watu. Safari moja wakubwa wa kanisa lake walimtuma Mloka, mbali huko porini, akahubiri wiki nzima. Akarudi kabla ya wiki, viatu vimejaa tope, akasema waliohudhuria wengi walikuwa ndovu, nao walikuja kwa ajili ya mahindi. Katika kijiji chetu hakumgeuza mtu hata mmoja dini yake. Nilimwuliza kama jambo hilo halimwumi. Nilitegemea atanipa neno la kujifariji, wahubiri wanayo mengi. Akasema, "Linaniuma," akaendelea kufagia.

Lakini alitumika. Mgonjwa alimpakia kwenye baiskeli yake akamsukuma mpaka zahanati, wa dini gani hakuuliza. Kukiwa na maziko yetu, jembe la kwanza makaburini lilikuwa lake. Akichimba hakuzungumza, na wakati wa sala alisogea pembeni na kofia yake mkononi mpaka tumalize. Na ukimshukuru alikasirika kidogo. Nadhani aliona unamlipa mtu asiye mwenye mali.

Huku kwetu mpunga ukianza kuchanua kijiji kinahama. Tunashuka bondeni na vyungu na mikeka, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda juu ya miti mirefu, tuamie ndege wasile mpunga mchana kutwa na kuzuia nguruwe na viboko. Unarudi nyumbani baada ya mavuno, umekauka koo kwa kupiga kelele, mgongo hauinuki. Wanangu walipoona hivyo walikimbilia Dar mmoja mmoja, siwalaumu. Majira hayo nyumba za barabarani hubaki tupu, na mwizi hana haja ya kubisha hodi, anatazama uwanja tu. Uwanja wenye majani makavu una habari zote anazotaka.

Basi funguo tulimwachia Mwinjilisti. Haukuwa mkutano wala azimio. Mwaka mmoja aliachiwa na jirani mmoja, mwaka uliofuata wakamwachia wote, akazitundika kwenye misumari kanisani. Shehe akasema siku akitaka kutubatiza atatukamatia hapo. Na kila asubuhi, akimaliza uwanja wa Mwenyewe, Mwinjilisti alivuka mpaka akafagia viwanja vyetu, nyumba kwa nyumba, pamoja na cha msikiti, ili kila nyumba ionekane ina mtu. Mwizi akipita anakuta michirizi ya ufagio, anakwenda zake. Nilikuwa nikirudi kutoka bondeni, mchovu hata salamu sitaki, naona mchanga wangu umechorwa mistari ile iliyonyooka, roho inatulia.

Kwa ufagio huohuo alinikosea, na sikuwahi kumkasirikia mtu kiasi kile.

Mume wangu alifia bondeni, kwenye dungu letu, homa ya siku chache. Wanaume walimpandisha kwenye machela ya miti, wakamfikisha nyumbani miguu yao imejaa matope, tukamzika alasiri ile. Jioni nilikaa ukutani natazama uwanja. Ulikuwa umejaa nyayo za wale waliombeba, zimekauka zikashika umbo, vidole vyote vinaonekana. Moja ilikuwa yake mwenyewe, ya siku aliyotoka kwenda shamba, pembeni penye kinu ambako ufagio haukuzoea kufika, au nilijiambia hivyo. Kwetu uwanja wa msiba haufagiwi mpaka matanga yaanuliwe. Nyayo za waliokuja kumlilia mtu ni zake. Ukizifagia mapema umemfukuza yeye na waliomlilia.

Asubuhi nikatoka nje. Uwanja ulikuwa safi, mistari imenyooka kutoka ukutani mpaka mpakani. Hata pale penye kinu palikuwa pamelainika kama mkate.

Wifi yangu ndiye aliyepaza sauti. Mie sikuwa nayo. Wazee wakamwita, akaja na ufagio bado mkononi, hajui kosa, maana misiba ya nyuma ilitukuta tupo nyumbani, viwanja vyetu haviko mikononi mwake. Shehe alipomweleza, niliona uso wake unavyosawijika. "Nilidhani namsaidia mfiwa," alisema. "Nilidhani asione uwanja mchafu akazidi kuumia." Shehe akawatuliza wazee, akasema mgeni hana kosa. Sikutulia. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Umenifagilia mume wangu."

Alichofanya baadaye ndicho sijakisahau. Alikwenda akauegemeza ufagio kwenye mkorosho, akarudi akakaa mkekani na wanaume. Kila siku ya matanga alikuja akakaa pale pembeni, kimya, akila walichokula wengine, hata samaki. Na uwanja wa kanisa hakuugusa. Upepo wa majira yale unajulikana, majani ya mkorosho yalimwagika, yakajaa uwanja, yakapanda mpaka kwenye ngazi, yakalala mlangoni. Jumapili ikamkuta hivyo. Alipiga rimu yake, akavuka majani yale akaingia kusali na mkewe, akatoka akayavuka tena. Mie nilikuwa ukutani namwona. Nilijua anachokiogopa duniani ni kitu kimoja, na alikuwa amekiacha kilale mlangoni kwake kwa ajili ya mume wangu. Hasira zangu ziliisha pale, ingawa sikumwambia.

Mkewe alipofariki, sisi ndio tuliochimba na kubeba. Wakristo wenzake waliokuwepo hawakujaza hata benchi mbili. Walipoanza kuimba kaburini, muuza mitumba alikosea mwanzo, bwana wa simu akashindwa kwa kilio, na kwa muda sauti iliyobaki ilikuwa ya Mwinjilisti peke yake, ile ndogo. Sisi tulisimama pale na majembe, watu wote wale, na hakuna aliyejua wimbo wa kumsaidia. Nililia kwa hilo kuliko kwa maiti, Mungu anisamehe. Uwanja wa kanisa haukuguswa mpaka tulipokubaliana matanga yameanuka. Siku hiyo tulikwenda wanawake wa upande wetu, kila mtu na fagio lake, tukaufagia wote tangu barabarani mpaka kwenye ngazi. Alisimama mlangoni akatutazama, na ndipo nilipomwona analia, maana siku ya maziko hakulia.

Baada ya hapo alianza kuzeeka haraka, kama kawaida yake ya haraka. Siku moja likaja gari la wakubwa wa kanisa lake kutoka mjini. Walikuwa watu wazuri, walimsalimu kwa heshima, wakakalia benchi yangu maana ya kwake ilikuwa imevunjika. Walimwambia mahali pale hapana waumini, amefanya ya kutosha, afunge mlango aende kwa binti yake anayeishi Kibiti akapumzike. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilokuwa desturi yake.

"Nimkabidhi nani?" akauliza.

"Ufunguo utauleta ofisini, mzee."

"Ofisi haikai hapa," akasema.

Mie nadhani hawakuelewa alichoulizia. Walimwombea, wakaondoka. Asubuhi yake nikamsikia anafagia. Alikuwa akifagia kipande, anakaa, anafagia kipande. Nilimwambia, "Wenyewe wameshakupa ruhusa." Akasema wale si wenyewe.

Mwishowe alianguka palepale chini ya mkorosho. Binti yake akaja na gari la kukodi, mwanamke wa maneno machache, akafungasha nguo, akafunga ule mlango wa buluu, akamwinua baba yake akampakia. Ufunguo Mwinjilisti aliung'ang'ania mwenyewe.

Nilikaa muda kabla ya kumfuata. Mpunga ulikuwa unataka kuvunwa, na mafuriko yalikuwa yameshachukua nusu yake. Kisha nikapanda basi la asubuhi, nikavuka daraja, nikafika Kibiti na mfuko wa unga wa mahindi, maana ningempelekea mchele angenilaumu.

Binti yake akanipokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Yupo ndani. Hatulii. Macho hayaoni tena vizuri, na kila mlango ukilia anauliza ni nani."

Nikaingia, mlango ukalia. Akainua kichwa kutoka kwenye mto upesi kuliko nilivyotegemea. "Nani?"

"Mie, Mama Shabani."

Akakirudisha kichwa taratibu. Nilijua si mie aliyekuwa akimngoja, na nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kukaa vizuri. Nikamwuliza hali. Amechoka, akasema.

"Majani?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya, hakuna aliyekuwepo wa kunisuta. Lakini mtu huyu hakuwahi kunidanganya hata kwa kunifariji. "Yameota," nikasema. "Yamefika kwenye ngazi. Mie nafagia kwangu naishia mpakani."

Akafumba macho. Mkono wake ukaenda chini ya mto, ukatoka na ule ufunguo. Hakunipa, aliushika tu juu ya kifua. "Sina wa kumkabidhi," akasema. "Nimewaza wote. Sina."

Nilijua anakokwenda kabla hajafika, na nikajaribu kumzuia njiani. "Mie Mwislamu, Mwinjilisti. Siwezi kukusalia humo."

"Sijasema usali."

"Nikifagia huko watasema nimebatizwa."

"Mie nilifagia msikiti miaka yote. Nani alisema nimesilimu?"

Nikasema lile lililokuwa kweli kuliko yote. "Mie nami nimechoka, bwana. Mgongo hauinuki. Watoto hawapo."

Nikangoja lile neno lake kuhusu ruhusa. Hakulisema. Alinigeuzia uso, akanitafuta kwa yale macho yasiyoona, akasema, "Najua. Pole, Mama Shabani." Miaka yote hiyo hakuwahi kunipa pole mie, wala mtu yeyote, kwa kuchoka.

Nikanyoosha mkono, nikauchukua ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa kulaliwa.

"Nikifa mfanye kama kwenu," akasema. "Msifagie. Nyayo zikae mpaka matanga yaanuliwe."

"Halafu?"

"Halafu fagia mapema. Anaweza kuja siku hiyohiyo."

Nikasema sawa. Akabaki anatafuna midomo, nikajua bado hajamaliza. "Na akiuliza kama palikuwa na mtu?"

"Nitamwambia alikuwepo," nikasema. "Nitamwambia alikuwa hana subira hata ya chai."

Akacheka mpaka akakohoa, binti yake akachungulia mlangoni. Alipopata pumzi alimwuliza kama hiyo chai ya mgeni inachemshiwa Mloka.

Niliinywa vuguvugu, majani yanaelea. Nikarudi na basi la mchana, nikateremka barabarani, nikaweka mfuko kizingitini, nikachukua ufagio wangu. Nilipofika mpakani nilisimama kidogo, kisha nikavuka. Majani yaliyokauka yalikubali, yale yaliyoota yalikuwa na mizizi, ikabidi niiname kung'oa moja moja kwa mkono. Shehe alipita anatoka sala ya alasiri. Akasimama chini ya mkorosho, akanitazama muda mrefu pasipo kunitania.

"U hali gani, shemeji?" akauliza.

"Nimechoka, shehe."

"Basi kapumzike."

Nikaendelea. Nilikuwa bado sijafika mlangoni.